Stadi ya Tatu

Kemi, mwezi wa pili. Nje nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri,
gerejini nne tu juu yake, na jiko la kuni linajikaza.
Volvo ya themanini na saba imepanda stendi,
pua juu, mdomo wazi,
na mimi, ambaye mchana kutwa kliniki nashika mrija wa kufyonza mate
nikiwaambia watu panua, panua kidogo zaidi,
nimelala chali chini ya taya la chuma.

Mabomba mapya yako mezani, juu ya gazeti la juzi:
manne, kila moja na kona zake,
yanakutana mwishoni kama vidole
vinavyofinya chembe ya chumvi.
Siku kumi na moja kwa posta kutoka Göteborg.
Nimeyalipia kwa nauli ya Kreta,
safari ambayo Outi bado anaihesabia wiki.

Chumvi. Hapa huimwaga barabarani ili watu wasiteleze,
na gari ndilo hulipa.
Nati za ekzosi ya zamani zimepoteza pembe zote sita,
zimekuwa mviringo kama njegere za kopo.
Jumapili nikazipaka mafuta. Jumatatu. Jumanne.
Nikaziacha zinywe.
Ya kwanza ikatoka ikilia.
Ya pili ikatoka kimya, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu.
Ya tatu —
kt.

Naujua mlio huo. Ni wa jino
likikatika na mzizi ukabaki.

Stadi imekatika, nami si stadi.

Nililala palepale nikihesabu misumari ya dari,
kisha nikaenda kumgongea Tauno Kärppä,
kwa ngumi, maana kiwanda cha karatasi kilimlipa mshahara
miaka thelathini na mmoja
na kikachukua masikio.
Akaja akivuta mashine ya kuchomelea
juu ya kitelezi cha mjukuu wake, chekundu, chenye kibandiko cha sungura.
Hakuuliza kitu. Akavika nati mpya juu ya kisiki,
akaijaza moto katikati,
akakaa juu ya ndoo.
"Mwache apoe," akasema,
kama vile stadi ni mtu aliyetukanwa.
Nusu mbele, robo nyuma. Nusu mbele, robo nyuma.
Kutu ikamwagika kama unga wa mdalasini,
na kisiki kikatoka, kirefu kuliko nilivyodhani.

Ungedhani hapo kazi imekwisha.
Bomba la nne liligoma, likaegemea mguu wa injini
kwa unene wa ukucha.
Tukafungua yote tuliyofunga.
Jeki, kipande cha msonobari, injini juu kidogo,
Tauno akilaani kwa sauti asiyoisikia.
Gasketi mpya, kavu. Kisha nati, kuanzia kati kwenda pembeni,
jinsi utandikavyo shuka.

Saa sita na robo usiku nikawasha.
Moshi kwanza: mafuta ya kiwandani yakiungua juu ya chuma kipya,
harufu ya sufuria iliyosahauliwa.
Halafu sauti, nzito, ya kifuani;
makopo ya rangi yakatetemeka rafuni.
Tauno akavua vile vidude vya masikioni,
akaviweka kando ya nati mbovu,
akabandika kiganja juu ya bawa la gari,
macho kafumba.
Dakika nzima.
"Ya tatu," akasema, "inavuja."

Nikainama. Kweli: tik, tik, tik,
kama saa ndani ya droo.
"Ikipata joto itaziba," akasema. "Labda."

Outi alikuwa amesimama mlangoni,
koti juu ya nguo za kulalia, buti zangu miguuni.
Akayatazama mabomba yakianza kubadilika rangi,
dhahabu, kisha zambarau.
"Kumbe Kreta ndiyo hii," akasema.

Hakuondoka. Akasogea karibu na moto wake,
akanyoosha mikono.
Tik, tik.