Dodoso la Nyiransaba

Nilifika Murora na maswali tisa,
kalamu mbili, koti la mvua la shirika.
Muhabura umejifunika ukungu hadi kiunoni,
viazi vinachimbwa katika shamba la mtu mwingine.

"Katika wiki mbili zilizopita," nikasoma,
"ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya jambo?"
Bavukirahe akatazama kidole gumba cha mguu wake.
Nikaandika: hakujibu.
Swali la pili. Kidole kilekile.

Nyiransaba akatokea na jembe begani, tope magotini,
ana haraka, ana kikohozi, ujira wa siku bado hajalipwa.
Akanipokonya dodoso
kama umpokonyavyo mtoto kisu,
akaligeuza upande mweupe.

"Mzinga wa baba yako ulining'inia mti gani?"

Kimya. Inzi mmoja.
Kisha Bavukirahe akautaja mti, kwa jina nisilolijua.
"Nani anaulinda sasa?"
"Askari wa mbuga."
"Na nyuki?"
"Nyuki hawaombi kibali,"
na mdomo ukamcheza, nusu kicheko,
nusu kitu ambacho karatasi yangu haikukiwekea kisanduku.

"Ninyi mnaiita sonona," Nyiransaba akaniambia,
"mnaitafuta kichwani mwake, kama chawa.
Sisi tunaiona ile pale."
Akaonyesha kwa kidevu: ng'ambo ya bonde, msitu,
na bango la faini mbele yake.

Jioni wakaja wanawake, sikuona aliyewaita.
Kuni, moto, uji wa mtama.
Mmoja akalala mlangoni pa Bavukirahe.
Kesho mwingine. Wana zamu; mwaka wa sita huu.
Hakuna aliyemwambia jikaze.
Hakuna aliyemwambia Mungu yupo,
ingawa wawili wao ni wanakwaya.

Nikauliza ni shirika gani lililowafunza.
Nyiransaba akacheka hadi kikohozi kikamkamata.
"Andika," akasema akijifuta machozi, "hakujibu."

Halafu, bila kicheko:
"Dawa zenu leteni, hatujazikataa.
Ila mlango huu una wenyewe.
Ukitaka kuingia, ingia zamu.
Jumanne kuni ni zako."

Jumanne nikapanda na mzigo kichwani, shingo ikiwaka.
Kuni zilikuwa mbichi. Zilitoa moshi tu,
wanawake wakanicheka hadi majirani wakachungulia.
Bavukirahe akasimama.
Akapita katikati yetu, taratibu, bila neno,
akaenda nyuma ya nyumba
kunitafutia zilizokauka.