Uk. uk. 41

Kiolezo kilishaweka "uk." chenyewe,
nami, kwa mazoea ya mkono, nikaongeza yangu,
na sasa babu yangu amebatizwa
katika uk. uk. 41 wa daftari la Rhyd-y-Gof,
kama shahidi mwenye kigugumizi aliyeitwa kortini.

Nafuta. Naandika 41 tupu.
Koma inaruka, inatua ndani ya mabano.
Jina la daftari limelala kwa mlazo, kama itakiwavyo,
lakini na mwaka nao umelala,
na mchungaji, na parokia nzima imelala,
saa sita na robo usiku,
mvua ya Welisi ikigonga mawe ya paa.

Mume wangu Idwal anauliza toka kitandani:
"Kwani wafu hao wanakimbilia wapi?"

Hawakimbii. Wanafanana, ndiyo shida.
Bonde moja, akina Ifan Pugh saba:
wanne wapasua mawe, wawili walevi,
mmoja wangu.
Bila ukurasa, bila mstari, bila tarehe niliyoisoma kwa macho haya,
nitamlilia Ifan wa watu wengine.

Mpwa wangu Macsen, aliyeko Toronto,
ameniletea mti wa watu elfu tisa
aliouvuna Jumamosi na Jumapili.
Ndani yake mna mfalme. Mna mama
aliyejifungua miaka mitatu baada ya kuzikwa.
Kwenye kisanduku cha chanzo, kote: "Familia."
Akili ya kuambiwa changanya na yako, nilimwandikia.
Akanijibu kwa picha ya kidole gumba.

Lakini nami usiku huu nina deni.
Mwaka themanini na saba, jikoni,
Shangazi Lowri akimenya viazi, kisu kikielekea kifuani kwake,
alisema bila kuinua uso:
"Kabla yangu alikuwapo mwingine."
Kisha akaniomba nimsogezee sufuria.

Hilo nitaliwekaje?
Paukwa, naiambia programu.
Haijibu pakawa. Inauliza: Ukurasa?
Mchapishaji? Mahali pa kuchapishwa?
Lisemwalo lipo, naiambia,
nayo inakizungushia kisanduku mstari mwekundu.

Basi miezi minane niliinama uvunguni,
hadi sanduku la kanisa la Bethania, daftari la mchimba makaburi,
si la ubatizo, si la vifo, la hesabu tu:
mafuta ya taa, kamba, koleo jipya,
na kati ya kamba na koleo,
"Mtoto wa I. Pugh, kaburi dogo, shilingi moja na nusu.
Amelipa moja."

Siku hizo machimboni kila bamba la kuezekea
liliitwa kwa ukubwa wake: Malkia, Dachesi, Kauntesi, Bibi.
Ifan aliyapasua kutwa, akayapanga kwa majina.

Programu inaonya: Mtu huyu hana jina. Uendelee?
Ndiyo.
Hana tarehe ya kuzaliwa. Uendelee?
Ndiyo.

Kanisa la Bethania (Rhyd-y-Gof), "Hesabu za Mchimba Makaburi, 1909–1914,"
karatasi isiyo na nambari, kati ya kamba na koleo;
iko kwa mweka hazina, nimeiona mwenyewe, 3 Februari;
pia maneno ya Lowri Pugh, jikoni kwake, viazi vikimenywa;
nyumba hiyo imeuzwa.

Mtu wa kanuni angevikata viazi.
Nimeviacha.
Juu, penye jina, kuna kistari kimoja.
Chini yake, haya yote.

Idwal ameshazima taa.
Nahakiki mara ya mwisho. Nukta mbili zimejitokeza tena mwishoni,
moja ya kiolezo, moja yangu.
Kesho nitafuta moja.
Leo sijui ipi..