Wiki Isiyo na Ijumaa

Mama aliuliza: "Wiki gani hiyo
mnayoiandika shuleni kila siku?
Yangu mimi ina siku saba, na Ijumaa yake.
Hiyo yenu?"
Nikacheka, cheko la kujiona.
Kidato cha Tatu, Newala, namba moja tangu darasa la pili,
daftari langu nikililalia
kama kuku mayai.

Kompyuta kumi na moja, sita ndizo zinazowaka,
sola juu ya paa, ukungu ukishuka zinazima,
na Mwalimu Chihako, chaki mkononi, akaandika ubaoni:
UKURASA NI WETU SOTE.
ASIYEWEZA KUONGEZA ASIFUTE.

Nikaongeza. Jiografia, vyanzo vya maji:
mchanga wa uwanda hunywa mvua, maji huzama chini,
yote kama kitabu kilivyosema, hadi nukta zake.
Kesho yake nikakuta mstari mgeni
umeketi katikati ya mistari yangu
kama mtu aliyeingia msikitini na ndoo:

"Kisima cha bondeni. Kushuka dakika arobaini.
Kupanda saa moja na nusu, ndoo kichwani."

Somoe Nangumbi. Yule wa dawati la nyuma,
anayefika kipindi cha pili, blauzi imelowa mabegani.
Nikafuta. Sababu: haimo kitabuni.
Akarudisha.
Nikafuta. Sababu: hii si jiografia, ni umbea wa kisimani.
Akarudisha.
Nikafuta bila sababu.
Akarudisha, na maneno mawili juu yake:
"Pima mwenyewe."

Jumamosi tukashuka, darasa zima,
Esha Mnali kashika simu ya kaka yake, anahesabu dakika.
Ruvuma inameta kule mbali, haina habari nasi.
Kisimani foleni, ndoo thelathini na saba,
na bibi mmoja akiuliza kama tumetumwa na serikali.
Wakati wa kupanda ndipo shingo yangu
ilipoanza kusoma jiografia.

Jumatatu ukurasa ulisomeka:
"Kupanda saa moja na nusu.
Kwa Mfaume, saa mbili kasoro dakika kumi,
na nusu ndoo ilimwagika."
Hilo sikulifuta.

Msimu wa korosho ukamchukua Fikiri Chitanda
wiki nne, zile za mama, zenye Ijumaa,
akiokota kwa mjomba wake Kitangari.
Zamani angerudi akakuta kila kuku kalalia mayai yake.
Safari hii asilimia zilikuwa zinamngoja:
Esha kaeleza, mimi nimeeleza kinyume cha Esha,
tumegombana humo humo mpaka tukaelewa.
Akasoma siku mbili, kimya. Ya tatu akaongeza mfano:
kilo za daraja la kwanza, kilo za daraja la pili,
makato ya mnada, shilingi kwa shilingi.
Baba yake Esha alikuja kuusoma
akiwa na kalamu, akaomba kurudi kesho.
Kwenye mtihani wa taifa hawakuuliza korosho.

Miaka tisa. Sasa napima magunia ghala la ushirika, Masasi,
nilirudi shuleni kufuata cheti tu.
Chumba kile kile, rangi mpya, watoto nisiowajua.
Nikafungua ukurasa wa maji, nikafungua historia yake.
Mfaume amefuta. Mfaume amefuta. Mfaume amefuta.
Tarehe, saa, dakika.
Nikamuuliza binti wa kidato cha kwanza aliyeketi jirani:
hizi haziondoki?
"Haziondoki, kaka. Unaongeza tu."

Sijui Somoe yuko wapi. Wengine husema Tandahimba.
Nikaongeza, chini ya kisima chake, kwa vidole vya ghalani:
"Samani, Somoe."

Sijaufikia mlango,
yule binti ameshanisahihisha,
kapenyeza "ha" katikati ya neno.
Nikageuka kuitazama kwenye kioo,
ile ha,
kama mtu aliyeanza kucheka.