Ukurasa wa Nyuma

Walipomtaja mshindi pale Ngome Kongwe
watu waliinuka kama waliofinywa.
Mie nilibaki nimekaa.
Si goti, goti langu zima.
Kiti nilikilipia
na hoja nilikuwa sijaimaliza.

Filamu yenyewe tumeiona sote:
kamera imepanda juu kuliko kunguru,
bahari imepakwa buluu wasiyoijua hata samaki,
na kijana anakimbia Forodhani, miguu mitupu,
anakimbia, anakimbia,
hatuambiwi anadaiwa na nani.
Mie muuza duka, Mwembeladu.
Mtu akikimbia, swali langu la kwanza ni hilo.

Nikarudi nyumbani, nikatoa daftari la madeni,
nikalipindua, nikaanzia nyuma,
nikagawa tuzo upya.

Mwigizaji bora: yule bibi wa Konde
aliyeonekana mara moja tu, anachambua karafuu.
Mwanawe akamuuliza, "Pesa za skuli zipo?"
Hakujibu.
Alihamisha konyo moja
kutoka fungu hili kwenda fungu lile.
Sekunde tisa, nimehesabu.
Majaji walikuwa wanne, na miwani wanayo.

Sauti bora: filamu hiyo hiyo, ya Riziki Faki,
kwa ajili ya jogoo.
Aliwika katikati ya talaka
na wakamwacha awike.
Ukumbini hakucheka mtu.
Mmoja nyuma yangu alisema, "Lahaula,"
basi.

Mavazi bora: sikumpa yeyote.
Kanga zote zilikuwa na mikunjo ya dukani.

Wanasema chema chajiuza.
Aliyesema hivyo hajapata kuuza.
Nina mchele wa Cheju ndani ya gunia,
ukiupika jirani anabisha hodi,
na wateja wananyooshea kidole
ule wa paketi, wenye picha ya tausi.
Mabango ya mshindi yalijaa Darajani kote.
Tangazo la Riziki lilikuwa karatasi moja,
selotepu, mlango wa kinyozi,
na upepo ulishakula herufi ya mwanzo:
IZIKI FAKI ANAWALETEA.

Mize akaja na kikombe, akasoma begani kwangu.
"Na mie sina kura?"
"Unayo."
"Basi yule anayekimbia."

Nikaweka kalamu chini.
Miaka ishirini na sita nalala na mtu huyu.
"Mize, yule hana hadithi! Anakimbia tu!"
"Ndiyo," akasema. "Suwedi alikimbia vile vile,
visigino vimetupwa nje,
usiku nilipomfungulia mlango wa uani.
Kaka yangu yule, hatukumwona tena.
Na sisi hatukuambiwa anadaiwa na nani."

Suwedi namjua kwa picha moja, ukutani,
kofia imemkaa upande.
Habari ya mlango wa uani
nilikuwa naisikia leo.

Nilinyamaza mpaka chai ikafunga utando.
Kisha nikasema, maana hoja si maziwa, haichachi:
"Lakini buluu ile, Mize.
Buluu ile ya kupaka milango."
"Futa buluu," akasema,
"mwache mtoto akimbie."

Daftari langu halina ufutio.
Linachokijua ni kukata mstari
mtu akishalipa.
Nikaandika pembeni, herufi ndogo:
Mkimbiaji, kura moja, Mize binti Shaame.
Bibi wa Konde nikamwacha pale pale juu.
Sikumshusha. Simshushi.

Asubuhi mtoto wa jirani kaja kukopa robo ya sukari.
"Ami, nani kashinda jana?"
Nikafungua daftari upande wa mbele.
"Bado tunabishana," nikamwambia.
"Na mwambie mama yako
limeshafika elfu saba na mia tano."