Jumatano Ni Yangu

Walinipanga kwanza Jumamosi, Jumatatu, Jumatano.
Nikasema Jumatano hapana.
Sista Bindu akacheka: Mama Rayya,
figo zako zimekufa, nawe wachagua siku?
Nikamwambia zimekufa figo, mimi sijafa,
na hapa Ibra Jumatano ni soko la wanawake.

Basi ni Jumapili, Jumanne, Alhamisi.
Saa nne kitini, sindano mbili mkononi,
damu inatoka, inatembea, inarudi
kama mtoto aliyetumwa dukani
akaleta chenji pungufu.
Nikishuka, miguu si yangu.
Nyumbani nalala mpaka alasiri,
simu ya Shinuna kutoka Maskati inalia, inachoka.
Sitaki mtu aniambie nina nguvu.
Siku hiyo sina.

Maji yangu nusu lita, kutwa.
Nayapima kwa chupa ya marashi ya waridi;
niliiosha mara saba, harufu ikagoma kutoka,
kwa hiyo kila nikinywa
nakunywa na mlima mzima wa mawaridi, bure.
Mwezi wa sita, jua likipasua kuta,
naweka kipande cha barafu chini ya ulimi
nakifungia mdomo
kama siri niliyoapishwa.

Tende, hapana. Ndizi, hapana. Tungule, kidogo.
Viazi nivichemshe mara mbili, maji niyamwage,
na ladha nayo ijiendee.
Lakini sinia la tende haliondoki sebuleni kwangu,
wageni wangesema nini?
Nawatazama wakila, nauliza: tamu?
Nijibuni kwa kirefu.
Mjukuu wangu Azzan ndiye hodari wa kujibu.
Anafumba macho, anatafuna polepole:
Bibi, inaanza kama asali
halafu inakuwa kama usingizi.
Nashiba.

Mkono wa kushoto hauvai bangili tena.
Walipounganisha mshipa na mshipa
pakabaki mvumo chini ya ngozi, usiku na mchana.
Azzan akatega sikio: Bibi, umemeza nyuki!
Sasa usingizi ukinipaa, nyumba kimya,
naupapasa mzinga wangu gizani.
Ukivuma,
nageuza mto upande wa baridi.

Lakini Jumatano!
Jumatano natia wanja,
bangili zote navaa mkono wa kulia,
nang'ara upande mmoja
kama nyumba iliyopakwa rangi mwenyewe akaishiwa pesa.
Soko halina habari na maradhi yangu.
Thuwaiba wa vitambaa ananidai riali mbili tangu Shaabani
na hataki kunisamehe, Mungu ambariki:
wengine wote wananisamehe siku hizi,
hata niliowakosea kweli.
Anayekudai anakutarajia.

Nanusa ubani, naurudisha.
Nabishania bei ya kitu nisichokitaka,
tukipatana kwa Kiarabu,
tukigombana kwa Kiswahili.
Bi Ghaliya, mzaliwa wa Wete kama mimi,
ananishika bega: Hujambo, Rayya?
Nusu mzima, namjibu.
Nusu ipi?
Hii inayokutazama.
Tunacheka mpaka muuza buibui anageuka,
na kicheko kinanichoma mbavuni
palepale panaponiuma kila siku,
nami nacheka vivyo hivyo.

Naletewa kahawa. Funda tatu,
nimeziweka kwenye hesabu tangu asubuhi.
Desturi yetu, ukitosheka unatikisa kikombe.
Nakishika kitupu, kina joto bado,
hiliki imeganda kwenye ukingo.
Msichana mwenye dele amesimama, anangoja ishara.
Siwezi kuongeza. Sitaki kutikisa.
Namuuliza jina lake, anasoma wapi,
mama yake ni nani,
mpaka kikombe kinapoa mkononi.

Saa tano. Jua limeshika kichwa,
kesho mashine.
Nafungua kipochi mbele ya Thuwaiba,
nahesabu, nasita, nahesabu tena.
Namlipa riali moja.
Na nyingine? anauliza, mikono kiunoni.
Jumatano, namwambia.