Milio Mitatu Mirefu

Asubuhi ya Januari, Kutaisi, theluji imegeuka tope,
Mzevinar akanigongea, unga umemfika nyusini:
"Badri, imekataa kuwaka."
Sikuuliza nini. Mtaa mzima waijua ile kompyuta
kando ya tanuri, chini ya kalenda ya mwaka juzi.
Humo ndimo anamoandika
nani kachukua mkate, mingapi,
na lini alisema "kesho."

Mimi ni fundi wa lifti. Lakini kwa Mzevinar
mwenye bisibisi ni mwenye bisibisi.

Nikabonyeza.
Feni ikavuma, taa ya kijani ikafumbua jicho,
kioo kikabaki cheusi ti,
kisha: piiip. Piiip. Piiip.
Kama mwalimu aitaye jina la mtoro.

Nikaanza na yaliyo rahisi, maana ndiyo yanayoaibisha.
Waya wa umeme: umekaza.
Soketi: nikachomeka redio, ikasoma hali ya hewa.
Waya wa kioo nikauchomoa, nikaupuliza, nikaurudisha.
Piiip. Piiip. Piiip.

Wateja wakajaa, wote wakawa madaktari.
Tsiuri akasema ni virusi.
Jumber akataka ipigwe kofi ubavuni,
ndivyo alivyoponya televisheni
miaka ile ya umeme wa saa mbili.
Mwingine, sitamtaja, akasema kwa upole uliopitiliza:
"Iache ipumzike, mama. Vyombo navyo huzeeka."
Nikamtazama viatu. Vipya.

Nikafungua skrubu nne.
Ndani mlikuwa na kipupwe kingine:
unga wa miaka sita umelalia kila kitu,
feni imeota mvi.
Nikapangusa kwa brashi ya kupakia mayai.
Betri, ndogo kama kifungo cha koti,
nikaitoa, nikahesabu dakika tano, nikairudisha.
Piiip. Piiip. Piiip.

Ndipo nikakumbuka: milio nayo ni lugha.
Kwa mashine ya aina hii, mitatu mirefu maana yake
kumbukumbu siioni.

Nikachomoa kijiti cha kumbukumbu,
kibao chembamba, meno yake ya dhahabu yamefifia.

Sasa nitasema kweli.
Najua madeni hayakai humo, yamo kwenye diski;
lakini bila kijiti hiki diski ni sanduku lililomezewa ufunguo.
Kiganjani nilishika Oktoba, Novemba, Desemba,
majira lifti zilipolala nami nikalala nazo,
na mikate arobaini na saba kwa jina langu.
Kubonyeza kwa kidole gumba, kidogo tu, kak.
Ningesema "imekufa," nani angebisha?

Mzevinar hakunihimiza.
Alikuwa akibandika kinyunya ukutani mwa tanuri,
kanipa mgongo,
na mgongo wenyewe haukuwa na wasiwasi.

"Kuna raba?" nikauliza. "Ya shule."
Mjukuu wake akaitoa mkobani,
ya waridi, imetafunwa pembeni.
Nikasugua yale meno, upande huu, upande ule,
taratibu, mpaka dhahabu ikarudi kuwa dhahabu.
Ajabu ya raba: maisha yake yote hufuta,
na leo imeulizwa ilichokisahau mwingine.

Kijiti kikaingia: tak, tak.
Nikabonyeza.
Mlio mmoja, mfupi, kama mtu asafishaye koo.
Nembo. Kiduara kikizunguka.
Halafu picha ya marehemu mumewe, yeye na mbwa.
Nyuma yangu mtu alishusha pumzi, si kwa furaha.

Akafungua orodha. Katika alfabeti yetu
B haikawii, ni ya pili.
Badri: 47.
Akaisoma, akapangusa vidole kwenye aproni,
akaopoa tanurini mkate wa shoti,
ncha zake mbili zikifuka mvuke,
akaniwekea mikononi.

Nikadhani ni ujira.

Kisha, kwa kidole kimoja, polepole,
akafuta saba, akaandika nane.