Dundumio

Barua ilisema wiki thelathini na moja.
Nilizihesabu kwa vidole, kisha kwa mishahara,
kisha kwa mapipa ya taka: wiki hii la kijani, wiki ijayo la kijivu.
Leo ni la kijivu. Zimebaki kumi na tisa.

Muuguzi alisimama nyuma yangu kama kinyozi,
akaniwekea vidole kooni, baridi kama vijiko.
"Meza mate." Nikameza.
"Tena." Mate yalikuwa yamekwisha.
Kitu kikapanda, kikashuka,
kama mpangaji anayechungulia dirishani
akaona siye anayemngoja.

Wao wameandika tairoidi.
Nikatafuta jina la kwetu, nikalikuta: dundumio.
Nikacheka peke yangu ndani ya basi.
Nani alijua nitavuka nchi zote hizi
nije Dundee
kuuguza dundumio?
Na moyo nao, kana kwamba umesikia, unadunda.
Unadunda nimekaa. Unadunda nimelala,
jirani anayetwanga kisamvu saa nane za usiku
na huwezi kumgongea ukuta.

Februari, na mimi nafungua madirisha.
Morag, wa zamu yangu, anafunga vifungo vya sweta
na kusema ndivyo walivyo watu wa nchi za joto.
Simwambii habari za Makete,
za umande unaoganda na kuua viazi shambani.
Nimepungua kilo tisa.
Wanaonipenda wananipongeza,
wanaomba siri.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema.
Yangu inaumiza juu kidogo.
Nikipiga simu, fidla inalia kwanza,
halafu sauti isiyo na mtu: wewe ni wa kumi na nne.
Wa kumi na moja.
Wa sita.
Wa sita.
Kisha binti halisi, mpole, anahangaika na jina langu,
Atu... Atuku...
Atukuzwe, namwambia. Atukuzwe Tweve.
Baba alinipa nimsifu Mungu,
na hapa natamkiwa nusu, kama sala iliyokatizwa na chafya.
Anasema nipo kwenye orodha.
Nasema asante. Nasema asante mara tatu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na rovu,
limejaa chini ya kidevu, linang'aa akitoka jasho.
Sisi watoto tuliamini anaweka humo
majina ya wote waliomkosea.
Serikali ilipoleta chumvi yenye madini joto
yeye alikuwa keshazeeka.
Alichovya kidole, akalamba,
akasema: ni chumvi tu.
Hakuna aliyemwandikia barua.
Hakumngoja mtaalamu; mtaalamu wa kungojwa hakuwapo.
Mimi nina foleni. Nina namba yenye tarakimu kumi.
Je, foleni ni mali? Usiku mwingine naona ndiyo,
nakubali shingo upande,
na shingo yenyewe ndiyo hii.

Mji huu zamani ulifuma magunia ya dunia nzima.
Viwanda vimegeuka vyumba vya kupanga,
na katika kimoja, ghorofa ya chini, tunalisha wazee.
Effie ana miaka tisini na mitatu. Alianza kusokota jute
akiwa na kumi na minne.
Kijiko changu kinatetemeka,
mdomo wake unatetemeka,
asubuhi nyingine tunakosana, uji unaishia kwenye kola,
asubuhi nyingine tunakutana katikati
na wote wawili tunashangaa.

Leo amegoma. Uji una sukari, na yeye si mtoto.
Nimerudi jikoni. Nimechota kwa ncha za vidole,
nimenyunyiza, nimekoroga,
vidole vikabaki na vichembe.
Nimevilamba dirishani, upepo wa mto ukiingia,
mkono mmoja kooni bila kujua.

Ni chumvi tu.